Huduma kwa jamii ipewe maksi vyuoni

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na vyuo vikaingiza masomo ya maendeleo ili msomi asiwe mgeni kwa watu wake.

Masomo hayo yangalipo. Yanafundishwa ukumbini, yanatahiniwa kwa karatasi, na baada ya mtihani husahaulika.

Mkoani Tanga ilionekana njia nyingine. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanzishwa na Walutheri mwaka 2007 huko Magamba, Lushoto, kiliipa elimu maalumu nafasi ya mbele. Mwalimu wa fani hiyo hasomi maadili pembeni ya kazi yake. Akijifunza nukta nundu au lugha ya alama, papo hapo anajifunza kumtetea mtoto aliyefichwa ndani, na kuzungumza na mzazi kwa upole mpaka amtoe.

Fani nyingine haziwezi kukwepa wajibu huo wa kuitumikia jamii. Mwanafunzi wa sheria awaeleze wanakijiji wa Korogwe haki zao pembezoni mwa mashamba ya mkonge. Wa uhasibu akae na akina mama wa vikoba Muheza, awafundishe kukagua vitabu vyao. Wa sayansi ya bahari aende Kigombe au Moa, azungumze na wavuvi kuhusu matumbawe yaliyovunjwa na baruti.

Wanafunzi watauliza: kwa bumu lipi, yaani posho ipi ya mkopo? Wana haki ya kuuliza, maana kumtumikisha kijana mwenye njaa si malezi. Basi chuo kilipe nauli na chakula, kazi itokane na fani yake, na maksi zake ziingie kwenye digrii kama za somo lingine lolote. Serikali ya kijiji nayo iwe na sauti katika kuzitoa.

Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi wilayani Mkinga. Utaratibu huu wa huduma yenye maksi uwekwe kwenye mitaala ya kampasi hiyo tangu mwanzo, na Tume ya Vyuo Vikuu iudai kwa vyuo vyote.