Tupime Watu Kwanza, Ndipo Tununue Baiskeli

Wengi wenu mnanijua kama yule jamaa anayeingia mkutanoni na helmeti kichwani na suruali imechomekwa kwenye soksi. Basi leo naomba tuzungumze kuhusu hiyo hiyo baiskeli, maana mkutano mkuu unakaribia na kamati yetu imeleta pendekezo ambalo mimi, kwa heshima zote, nalipinga.

Pendekezo lenyewe ni hili: tutoe pauni 2,000 kwenye mfuko wa chama, tununue baiskeli kumi za mbio kwa mpigo, zote aina moja na zote saizi "M", ili wanachama wapya wawe wanaazima. Muuzaji anatupa bei nzuri kwa sababu tunabeba saizi moja iliyomjalia stoo. Na kuna wanaosema tuongeze hela kidogo tupate za kaboni, tusionekane washamba.

Nia ni njema, sikatai. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea avae jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, na tangu mashindano ya dunia ya barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika, kila kijana wetu hapa Uingereza anataka baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Na wengi wetu tunabeba boksi usiku, basi la mwisho limeshapita, teksi inakula nusu ya mshahara wa zamu. Baiskeli kwetu si starehe, ni nauli. Ndiyo maana naogopa tukikosea.

Mimi nimeshakosea. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipata kazi kwenye ghala, maili sita kutoka chumbani kwangu, zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nikaona tangazo la baiskeli ya kaboni iliyotumika, pauni 350. Nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Imeandikwa 58. Nikamwambia muuzaji mbona kama kubwa, mimi nina sentimita 174 tu. Akanijibu, "Shusha siti, mambo kwisha." Nikashusha siti. Nikalipa.

Mambo hayakwisha. Wiki ya pili mikono ikaanza kufa ganzi, kidole kidogo na jirani yake. Shingo ikawa haigeuki. Nikadhani dawa ni kusogeza siti mbele hadi mwisho wa reli zake ili nikaribie usukani. Kumbe nimehamisha ugonjwa: magoti yakaanza kuuma kwa mbele, ngazi za maktaba nikawa nazipanda kama babu yangu. Nikakosa zamu tano mwezi ule, na asiyefika ghalani halipwi. Mwishowe nikaiuza kwa pauni 180, nikanunua fremu ya chuma ya miaka ya 1980 kwa pauni 120, saizi inayonifaa. Ndiyo ninayoendesha mpaka leo. Magoti yamenyamaza.

Nini kilitokea? Hapa ndipo penye somo, na ndipo kamati isiponielewa.

Siti inapanda na kushuka. Bomba halifupiki. Ukishusha siti umeshughulikia miguu tu, lakini mwili wa juu bado unaning'inia hewani kuutafuta usukani ulio mbali. Unaweza kubadilisha ile shingo inayoshika usukani, ya sentimita 11 ukaweka ya 9, lakini hapo ndipo mwisho wa ujanja. Ukiendelea kufupisha, baiskeli inabadilika tabia mkononi na uzito wako unakaa mahali ambapo mbunifu hakuupangia.

Na hizi namba, 54, 56, 58, zisiwatie kiwewe. Asili yake ni urefu wa bomba la siti kwa sentimita. Lakini wengine walipima kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi katikati ya bomba la juu, wengine hadi ncha ya bomba la siti. Tayari mmeshatofautiana kabla hamjaanza. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Giant, kwa kazi ya mbunifu Mwingereza Mike Burrows, ikaleta fremu ambayo bomba la juu linateremka kuelekea nyuma. Bomba la siti likawa fupi, na nguzo ndefu ya siti ikafidia. Kiwandani ikawa nafuu: badala ya kutengeneza saizi nyingi, unatengeneza chache unaziita S, M, L kama fulana. Tangu hapo namba ya bomba la siti haikuambii kitu cha maana juu ya kama utaufikia usukani.

Kinachokuambia ni vipimo viwili ambavyo viwanda vingi sasa huvichapisha. Cha kwanza huitwa staki: kimo, kutoka katikati ya ekseli ya pedeli kwenda juu wima hadi usawa wa mdomo wa lile bomba fupi la mbele linaloshika usukani. Cha pili ni richi: umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo hizo mbili. Staki inakuambia utainama kiasi gani, richi inakuambia utajinyoosha kiasi gani. Havidanganyi, kwa sababu havijali bomba limeinama vipi wala siti iko wapi.

Mfano, kwa wale mnaopenda hesabu. Chukua fremu mbili, zote staki sentimita 52, zote bomba la juu sentimita 54 likipimwa kwa mlalo. Ya kwanza bomba la siti lina pembe ya nyuzi 74, ya pili nyuzi 72. Piga hesabu: richi ya kwanza ni kama sentimita 39, ya pili 37. Sentimita mbili nzima, na dukani zote mbili wameziandika 54! Sentimita mbili unaweza kuona ni kitu kidogo. Muulize fundi cherehani kama sentimita mbili za kiuno ni kitu kidogo.

Sasa nirudi kwenye pendekezo. Saizi "M" itamfaa nani? Chama chetu kina kaka mmoja kutoka Kampala mwenye mita moja na tisini na ushee, na kina dada kutoka Tanga ambaye hafiki mita moja na sitini. Huyo dada nilimsindikiza kujaribu baiskeli mwezi uliopita. Kila akikata kona taratibu, ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Si kosa lake. Viwanda vingi vinang'ang'ania gurudumu lile lile kubwa, 700C, hata kwenye fremu ndogo kabisa. Ili lienee, wanalaza pembe ya mbele na kuusimamisha mwelekeo wa bomba la siti, na bado mguu unagusa. Kwa mtu mfupi mara nyingi afadhali fremu yenye magurudumu madogo kidogo, 650. Hiyo ukinunua kumi za "M" huipati. Tutakuwa tumewaambia dada zetu wengi kwamba mfuko wa chama ni wa wanaume wa kimo cha kati.

Kuna mtu atasema, "Mbona nyumbani wote tuliendesha baiskeli ile ile ya baba?" Kweli, hata mimi. Nilijifunzia Raleigh ya mjomba, mguu nimeupenyeza chini ya bomba la juu kwa sababu siti siifikii. Lakini tuangalie baiskeli ile ilivyo. Pembe zake zimelala, kama nyuzi 67 au 68, wakati ya mbio husimama karibu na 73. Foku imepinda mbele, mwili mrefu, usukani uko juu na unarudi kwako. Mtu anakaa wima kama yuko barazani. Imeundwa isamehe: isamehe barabara ya mashimo, gunia la mkaa kwenye keria, na mwendeshaji asiye wa saizi yake. Ya mbio haisamehi. Inakulaza mbele, mikono inabeba uzito, na kosa la sentimita mbili unalirudia kila mzunguko wa pedeli, maelfu ya mara kwa saa.

Halafu hili la kaboni. Jamani! Fremu nzuri ya kaboni ina uzito wa kilo moja hivi, ya alumini kilo moja na nusu au pungufu kidogo, ya chuma kizuri kilo mbili kasoro. Basi chuma na kaboni tofauti yao ni kilo moja. Wewe na baiskeli yako na begi mna kilo 85. Mlima wa dakika kumi utauwahi kwa sekunde saba. Kwa anayegombea jezi Kigali, sekunde saba ni maisha. Kwa anayekwenda kupanga maboksi, ni muda wa kufunga kamba za viatu.

"Lakini kaboni ni laini, haitikisi." Ulaini mwingi mnaousikia unatoka kwenye tairi. Toa tairi la milimita 23 lililojazwa kama jiwe, weka la milimita 28 lenye upepo wa kiasi, utadhani umebadilisha fremu. Na kuna jambo la usalama. Chuma kikiumia kwa kawaida kinapinda, unakiona, na fundi anaweza kukichomelea. Kaboni ni nyuzi na gundi, ikigongwa inaweza kuficha ufa chini ya rangi mpaka siku yake. Inatengenezeka, ndiyo, lakini kwa wataalamu na kwa bei yao. Kwa baiskeli ya kuazimana, ambayo kila mwezi inaangushwa na mtu mwingine, mimi siwezi kulala usingizi.

Nisije nikaonekana mpiga debe wa chuma. Chuma kinaliwa na kutu, na hapa wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi. Alumini haipati kutu ya namna hiyo, ni nafuu, na kwa chama letu ingetosha kabisa, ingawa huchoka kwa miaka na haifai kuikumbatia ikishakuwa na ufa. Ninachosema ni kwamba malighafi ni swali la tatu. La kwanza ni vipimo vya mtu. La pili ni je, fremu ina nafasi ya tairi nene, na matundu ya kufungia madigadi na keria? Baiskeli nyingi za mbio hazina. Mvua ya hapa mnaijua. Utafika darasani na mstari wa tope mgongoni kama ngiri.

Kwa hiyo natoa pendekezo mbadala, na gharama yake haizidi ile ile pauni 2,000.

Kwanza, wiki ya kuwakaribisha wageni tuwe na jioni moja ya kupimana. Hatuhitaji mashine. Mtu avue viatu, asimame ameegemea ukuta, aweke kitabu cha jalada gumu katikati ya mapaja akivute juu hadi kibane, tuweke alama, tupime hadi sakafuni. Urefu huo zidisha kwa 0.883, ile kanuni aliyoipa umaarufu Greg LeMond, unapata kimo cha siti kutoka katikati ya ekseli ya pedeli. Mimi nina sentimita 83, kwa hiyo siti yangu iko 73 na ushee. Ni mahali pa kuanzia tu: goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini, likiuma nyuma iko juu. Tupime na kiwiliwili na mikono, maana wapo wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mimi ni mmojawapo. Ndiyo maana ile 58 ilinitesa.

Pili, tununue zilizotumika, moja moja, kwa saizi za watu tulionao, tukizikagua kabla ya kutoa hela. Hatutapata bei ya jumla, lakini hatutakuwa na baiskeli kumi ambazo sita zinalala.

Tatu, anayehitimu na kurudi nyumbani aiachie chama baiskeli yake ikiwa anaweza, na kila moja tuibandike karatasi yenye staki na richi yake kwa milimita. Baada ya miaka michache tutakuwa na ghala letu wenyewe, na mgeni wa Septemba atapewa ya kwake badala ya kupewa iliyopo.

Najua kamati imeshazungumza na muuzaji, na najua kurudi nyuma kunaona haya. Lakini hizo pauni 2,000 ni michango ya watu wanaosimama usiku kucha. Mimi nilipoteza pauni 170 na zamu tano kwa kumwamini mtu aliyeniambia nishushe siti. Tusiwafanyie hivyo wadogo zetu, tena kwa jina la chama.

Mkutanoni nitakuja na futi ya kupimia na kitabu kinene. Anayebisha aje kwanza apimwe, halafu tubishane.

Naomba kutoa hoja.