Mzazi Nyuma ya Mwanawe: Safari ya Kwanza ya Ng'ambo kutoka Kalama

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuitaja nchi ya mbali. Watu wa pwani husema ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji, kama ilivyo Ng'ambo ya Unguja, ambayo zamani ilitenganishwa na Mji Mkongwe kwa hori tu. Vijana wa Nairobi husema majuu. Wasomi na watangazaji nao wamelipendelea neno ughaibuni, ambalo limebeba ndani yake maana ya kutokuwapo. Tofauti hizi si za msamiati pekee. Anayekwenda ng'ambo amevuka, na anaweza kuvuka tena akarudi. Anayekwenda majuu amepanda daraja. Aliye ughaibuni hayupo. Mzazi wa Kalama anaposafiri kwa mara ya kwanza pamoja na mwanawe wa miaka 15, aghalabu yeye huwa anakwenda ng'ambo ilhali mtoto anakwenda majuu, ingawa wameketi katika viti vilivyopakana ndani ya ndege moja.

Kalama ni eneo la vilima lililo kusini mwa mji wa Machakos. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko kando ya barabara ya Mombasa, hivyo basi msafiri atokaye huko huufikia hata kabla ya kuingia katikati ya Nairobi. Umbali si kikwazo. Kikwazo huanza mapema zaidi, kwenye karatasi. Pasipoti ya mtoto huombwa kupitia eCitizen, na huambatana na cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi. Viza ya Marekani huombwa kwa fomu ya DS-160, ambayo majibu yake sharti yaandikwe kwa Kiingereza. Baadhi ya nchi nyingine hudai pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ni nani anayeyajaza haya yote? Ni mtoto, kwenye saiba iliyo sokoni au kwenye simu. Mzazi huulizwa tarehe na majina, kisha hutia sahihi pale kidole cha mwanawe kinapomwonyesha. Kwa hivyo, siku ya safari inapowadia, tayari imekwisha kuamuliwa nani anamwongoza nani.

Haikuwa hivi tangu hapo. Misafara ya Wakamba ya karne ya 19, iliyopeleka pembe za ndovu Mombasa, iliongozwa na watu wazima wenye sifa kama Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmishonari Krapf mnamo 1849 na kuuawa safarini mwaka 1851. Kijana alifuata nyuma, akajifunza njia, visima na lugha ya wenyeji kutoka kwa waliomtangulia. Safari kwa Kikamba huitwa kyalo, na hadi leo mtoto aliyezaliwa wakati wa safari huweza kupewa jina hilo. Hata Cosmas Ndeti, mwanariadha mzaliwa wa Machakos aliyeshinda mbio za Boston mwaka 1993, 1994 na 1995, alimwita mwanawe Boston. Mzazi alisafiri, na mtoto akapata jina kutokana na mwendo wa mzazi. Katika safari ya leo, mzazi ndiye anayefuata nyuma.

Huenda msomaji akauliza ubaya uko wapi. Je, si fahari kwa mama kuona karo aliyoitolea jasho ikimfungulia mlango? Hapana shaka ni fahari, na mama wengi husimulia hivyo warudipo. Lakini hebu ichukuliwe hali moja ya kudhania. Mama na bintiye wametua New York kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, safari iliyoanzishwa na Kenya Airways mnamo Oktoba 2018 na ambayo huchukua takribani saa 15. Wamechoka. Afisa wa uhamiaji aliye dirishani anauliza, kwa matamshi ambayo hayakufundishwa katika shule yoyote ya Kalama, wamekuja kufanya nini na watarudi lini. "Mwaitu, anauliza tumekuja kufanya nini," binti anasema. Mama anajibu kwa kirefu: kwamba amekuja kuhudhuria mahafali ya mdogo wake, kwamba ameacha ng'ombe wawili na shamba lenye matuta, kwamba sharti awahi mvua za Novemba, kwamba wenzake wa mwethya wanamngojea, kwa kuwa zamu ya kulima kwake imekaribia. Binti anageuka na kusema sentensi moja: wamekuja kumwona mama mdogo.

Binti hakudanganya. Aliona haya tu. Ng'ombe na mwethya, kwa maoni yake, si mambo ya kutajwa majuu. Hata hivyo, kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani humchukulia mgeni wa matembezi kuwa ni mtu aliyekuja kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo, kwanza anapoomba viza na tena anapofika mpakani. Ng'ombe, shamba, mvua na zamu ya mwethya ndivyo vilivyokuwa ushahidi wa mama kwamba atarejea. Ushahidi huo ulifika hadi mdomoni mwa mkalimani ukakatwa, na mwenye ushahidi hakujua kwamba umekatwa. Endapo afisa ataendelea kushuku, mama atadhani ameshukiwa bure, na mtoto wa miaka 15 atakuwa amebebeshwa mzigo ambao hata mkalimani mwenye shahada huubeba kwa tahadhari.

Kinaya kilichoje! Matuta hayo ya shambani yana jina linalojulikana na wataalamu wa udongo kote duniani. Fanya juu, ndivyo yanavyoitwa katika vitabu vya Kiingereza, kwa kuwa mchimbaji huutupa udongo upande wa juu wa mtaro ili ngazi ijijenge yenyewe kadiri mvua inavyonyesha. Ni maneno mawili ya Kiswahili yaliyovuka bahari kutoka vilima vya Machakos bila kuomba viza. Mwanamke aliyeyachimba kwa jembe ndiye anayesimama mbele ya dirisha akionekana kana kwamba hana la kusema.

Wapo watakaodai kwamba dawa ni mzazi kujifunza Kiingereza, basi. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Mzazi mwenye umri wa miaka 40 leo alisoma katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Kiingereza anakijua kiasi cha kusoma barua ya shule. Asichokiweza ni kukisikia kwa kasi huku moyo ukimwenda mbio. Wengine nao watasema lugha yake ya moyoni ni Kikamba, si Kiswahili. Kweli. Lakini Kiswahili alikisoma na kukifanyia mtihani, na bintiye vivyo hivyo. Ndiyo lugha ambayo wote wawili wanaweza kuisoma karatasi moja, na mama akamwambia mwanawe: hapa umekosea. Katika Kikamba mama ni mjuzi kuliko mtoto. Katika Kiingereza mtoto ni mjuzi kuliko mama. Katika Kiswahili wanakaribia kulingana. Hiyo ndiyo thamani yake katika jambo hili, na inazidi sifa zote zinazomiminwa kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Desturi imebaki nyuma ya sheria. Kwa miaka mingi jarida la ndani ya ndege za Kenya Airways liliitwa Msafiri: jina la Kiswahili, makala za Kiingereza. Vituo vya serikali vinaitwa Huduma Centre, na jina hilo linajieleza. Hata kanuni za kimataifa za afya hazikizuii Kiswahili. Zinataka cheti cha chanjo kijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na zinaruhusu lugha nyingine iongezwe juu ya hizo.

Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vyuoni vinapohusika. Tasnifu juu ya arudhi na fani zimejaa katika maktaba, na ni vyema ziwepo. Ila karatasi inayoeleza kwa Kiswahili fasaha maana ya kila swali la fomu ya viza, ambayo mama wa Kalama angeisoma usiku mmoja kabla ya kutia sahihi, haihitaji tasnifu. Inahitaji wanafunzi watano na mwezi mmoja. Machakos kuna chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016, na Kalama haiko mbali nacho.

Wala kazi hiyo si nyepesi kama wanavyodhani wanaoidharau tafsiri. Anayelipia safari aitwe mfadhili au mdhamini? Mfadhili hutoa fedha. Mdhamini hujibu kosa likitokea, na mzazi atakayesoma neno la pili atasita kuandika jina la ndugu yake. Swali la kwanza kabisa la fomu lina mtego wake. Wengi wamezoea kulitafsiri kuwa jina la ukoo. Mkamba mtu mzima akiulizwa jina la ukoo wake anaweza kujibu, pasipo kusita, Aombe au Atangwa, majina ambayo hayamo katika kitambulisho chake wala katika pasipoti ya mwanawe, na jibu lake litakuwa sahihi kabisa.