Kabla ya nyumba, tuulizie jirani

Leo tumekusudia kuzungumzia jambo linalozigusa nyumba nyingi za jiji la Dar es Salaam, nalo ni kuhama. Baba na mama huchoka na chumba cha kupanga katikati ya mji, wakakusanya akiba ya miaka mingi, wakaelekea pembezoni kutafuta mahali pa kulea watoto. Ni uamuzi mkubwa, na aghalabu ni wa mara moja katika maisha ya familia.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika hesabu za sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Katika miaka kumi limeongezeka jiji jingine la watu zaidi ya milioni moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeangukia pembezoni: Goba, Madale, Bunju, Kivule, Chanika, Chamazi na Kigamboni. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, na mabasi yaendayo haraka yaliyoanza mwaka huohuo katika barabara ya Morogoro, yamewafanya wengi wapaone karibu mahali ambapo jana palikuwa mashamba ya mikorosho.

Sasa tujiulize, je, familia inayohama huchagua kwa kipimo gani? Huuliza bei ya kiwanja, umbali kutoka barabara ya lami, maji na umeme. Maswali hayo ni ya haki, na asiyeyauliza atajuta. Lakini wahenga walituachia kauli kwamba jirani hutangulia nyumba, na hili la jirani ndilo tunaloliacha mwisho. Kibaya zaidi, tunapoliuliza, tunaliuliza kombo. Jamaa yetu mmoja alipokwenda kutazama kiwanja, dalali alimsifia mtaa kwa maneno haya: "Huku mzee usihofu, ni watu wenu watupu." Alidhani amemfurahisha. Na tusifiche, wako wengi ambao maneno hayo huwafurahisha kweli.

Hapo ndipo penye hatari. Jiji hili lilizaliwa likiwa limegawanywa. Wajerumani, kwa kanuni zao za ujenzi za mwaka 1891, waliutenga mji kwa aina ya majengo, na kwa njia hiyo wakawatenga wakaazi wake. Waingereza walipokuja wakauimarisha utaratibu huo: Wazungu wakakaa upande wa bahari hadi Oyster Bay, Wahindi wakawa katikati ya mji, na Waafrika wakawekwa Kariakoo na Ilala. Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi viwe mpaka baina ya Uhindini na Uswahilini. Majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunayatamka hadi leo pasipo kukumbuka kwamba yalikuwa kuta.

Baada ya Uhuru kuta hizo zilianza kubomoka. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ingawa iliacha manung'uniko mengi, iliingiza wapangaji wa rangi zote katika majengo ambayo awali hawakuyakanyaga. Katika miaka hiyo ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Barabara na maji vilitangulia, nyumba zikafuata, na wakapakana watumishi, mafundi na wafanyabiashara wa kila kabila na dini. Watoto waliokulia huko wanajua ladha ya pilau ya Idi na ya Krismasi katika mwaka mmoja.

Leo hakuna sheria inayomgawa mtu kwa rangi. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia uhuru wa kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri. Lakini kuta mpya zinajengwa, safari hii kwa mikono yetu wenyewe. Upande mmoja kuna wenye fedha wanaojifungia nyuma ya fensi yenye nyaya za umeme, hata jirani akifa habari huwafikia kupitia mlinzi. Upande wa pili kuna wenye nyumba wanaomuuliza mpangaji dini yake kabla ya kumwuliza kazi yake. Na tuseme kweli hata kama ni chungu: miongoni mwa wanaofanya hivyo wamo Waislamu wenzetu, wanaoitaka mitaa ya "watu wetu", halafu wakanung'unika wao wanapofungiwa mlango kwingine.

Asidhani msomaji kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Nchini Marekani, vitongoji vya pembezoni mwa miji vilijengwa kwa miaka mingi kwa masharti ya kutomuuzia mtu mweusi. Mwezi Aprili 1968, siku chache baada ya kuuawa Martin Luther King, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Sheria ni jambo moja, lakini mioyo ya watu ni jambo jingine. Katika jiji la Chicago, mtaa wa Austin ulihamwa na Wazungu kwa kasi mara familia za watu weusi zilipoanza kuingia. Mji mdogo wa Oak Park, uliopakana na mtaa huo, ulichagua njia nyingine. Ulijitungia sheria yake mwaka huohuo wa 1968, na mwaka 1972 ikafunguliwa ofisi ya makazi iliyokuwa ikiwapokea wapangaji wageni, weusi na weupe, na kuwaonyesha nyumba katika sehemu zote za mji, ili usiwepo mtaa wa rangi moja. Oak Park haikukimbiwa. Funzo tulipatalo ni kwamba mchanganyiko wa watu haudumu kwa bahati, bali hutunzwa na watu walioamua kuutunza.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kulipata funzo hilo Chicago pekee. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, hakuhamia mji wa watu wa namna moja. Yathrib ilikuwa na Aus na Khazraj waliokuwa wamepigana kwa miaka mingi, na ilikuwa na makabila ya Mayahudi. Alipokewa nyumbani kwa Abu Ayyub Al-Ansari, akaunga udugu baina ya wahamiaji na wenyeji, na ukaandikwa mkataba wa kuulinda mji kwa pamoja. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya 36, imeamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na imepokewa kwamba Abdullah bin Amr, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo la kwanza aliloulizia ni iwapo jirani yake Myahudi amepelekewa nyama.

Tunajua hoja ya wazazi. Wanasema: tukikaa mchanganyiko, watoto wataharibika. Karibu na nyumba kuna baa, muziki haulali, na madrasa iko mbali. Hofu hiyo tunaiheshimu, na mwenye watoto ana haki ya kuukwepa mtaa wa ulevi na vurugu. Lakini vurugu si dini ya mtu. Mzee wa kanisa anayelea wanawe kwa adabu huichukia baa ile kama wewe unavyoichukia, na mkisimama wawili mbele ya serikali ya mtaa mtasikilizwa kuliko ukisimama peke yako. Kadhalika, mtaa wa Waislamu watupu unaweza kujaa dawa za kulevya, na waliokaa mitaa ya namna hiyo hawahitaji kuhadithiwa.

Basi familia inayotafuta kiwanja au nyumba ifanye nini? Kwanza, iende zaidi ya mara moja: mchana, usiku, na wakati wa masika, kwa kuwa mtaa mkavu wa Januari huweza kuwa bwawa mwezi Aprili. Waliokumbwa na mafuriko ya bonde la Msimbazi Desemba 2011, wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki zao, walionja uchungu wa kuhama pasipo kuchagua. Umiliki nao uthibitishwe ofisi ya ardhi. Maneno ya dalali hayatoshi.

Pili, na hili ndilo kubwa, familia iulize habari za msiba wa mwisho uliotokea mtaani hapo. Nani walifunga turubai? Nani walichota maji na kuchimba kaburi? Marehemu alikuwa mgeni au mwenyeji, mpangaji au mwenye nyumba? Kama Muislamu alizikwa na Wakristo wakawa makaburini, na Mkristo alipofiwa kina mama wa Kiislamu wakashinda jikoni kwake, huo ni mtaa. Kama majibu ni kwamba kila mmoja huzika wake, hapo pana nyumba nyingi tu.

Tatu, itazame watoto jioni wanacheza na nani, na iulize kama wapangaji huitwa kwenye mikutano ya serikali ya mtaa. Mahali ambapo mpangaji hana sauti, mgeni hakaribishwi.

Mwisho, tukumbuke kwamba ukarimu wa mtaa hautoki kwa wenyeji tu. Anayehamia anapaswa kupiga hodi kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kujitambulisha kwa mjumbe, kuchangia msiba wa kwanza asipongoja kujuana, na kupeleka sahani ya futari hata kwa asiyefunga. Na sisi tuliotangulia kufika, tukiona lori limeshusha vitanda na masufuria mlango wa pili, tutoke na ndoo ya maji kabla hatujauliza jina lao. Tuliyarithi majirani mchanganyiko kutoka kwa wazazi wetu pasipo kulipa hata senti. Tukiyapoteza, wanetu hawatayakuta kwa dalali yeyote.

Tunamwomba Allah atujaalie majirani wema, na atujaalie sisi kuwa majirani wema kwao. Wabillahi tawfiq.