Mahojiano ya walimu: Fomu ya alama husema kabla ya mwombaji

KILA Tume ya Huduma za Walimu (TSC) inapotangaza nafasi za kazi, maduka ya kunakili karatasi katika makao makuu ya kaunti hufurika. Walimu wasio na ajira hupiga foleni wakiwa na bahasha za kaki, baadhi yao wakiwa vijana waliotoka chuoni juzi, wengine wazazi wenye watoto katika shule za upili. Jioni hukariri majibu ya maswali wanayoyatarajia.

Maandalizi hayo hayana ubaya. Kasoro ni kuwa mengi yake huelekezwa mahali penye alama chache.

Mahojiano ya TSC hayafanani na yale ya benki au kampuni ya kibinafsi, ambako mwenye ulimi mwepesi anaweza kumpiku mwenye vyeti vizito. Jopo hukabidhiwa mwongozo ulioandaliwa na tume, na sehemu kubwa ya alama hutokana na mambo mawili ambayo mwombaji hawezi kuyabadilisha siku hiyo: kiwango alichofuzu nacho na mwaka aliohitimu. Ufasaha wa kujieleza huachiwa makombo. Kwa hivyo aliyehitimu miaka kumi iliyopita huingia chumbani akiwa amekwisha kumtangulia aliyehitimu mwaka jana, hata kabla ya kuamkuana na wanajopo.

Mfumo huu una historia yake. Hadi mwishoni mwa miaka ya tisini, mwalimu aliyefuzu katika chuo cha umma alisubiri tu barua ya kumjulisha shule aliyopangiwa. Mnamo 1998 serikali ilisimamisha uajiri huo wa moja kwa moja, na tangu hapo nafasi zimekuwa zikitolewa kulingana na upungufu uliopo na fedha zilizotengwa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, wanafunzi walifurika madarasani ilhali walimu waliofuzu walibaki nyumbani. Foleni ikawa ndefu, na alama za muda wa kusubiri zikaonekana kuwa njia ya haki ya kuipunguza.

Haki hiyo, hata hivyo, ina upande wa pili. Fomu huhesabu miaka tangu mtu ahitimu. Haiulizi sana aliifanyia nini. Mwalimu aliyefundisha Hisabati kwa miaka minane akilipwa kijishahara na bodi ya shule, na mwenzake aliyefungia cheti sandukuni akauza nguo za mitumba, hupata alama sawa za kusubiri iwapo walihitimu mwaka mmoja. Walimu wa bodi wamelalamikia jambo hili kwa muda mrefu, na ni vigumu kuwalaumu. Walimu wanagenzi angalau wamekuwa wakifikiriwa katika baadhi ya awamu, japo mpango wenyewe uligonga mwamba mnamo Aprili 2024 pale Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilipoamua kuwa TSC haina mamlaka ya kuwaajiri walimu kwa njia hiyo.

Je, mwombaji ajiandae vipi basi? Kazi ya kwanza ni karatasi. Wengi huangushwa na jina linaloandikwa kwa namna moja katika kitambulisho na kwa namna nyingine katika cheti cha KCSE, au kwa kufika na nakala pekee wakati jopo linadai vyeti asilia. Anayetaka kufundisha shule ya upili aangalie pia masomo yake mawili: pamoja na wastani wa C+ katika KCSE, hutakiwa kuwa na C+ katika kila somo analofundisha. Mwenye shahada nzuri lakini aliyepata C katika Jiografia akiwa kidato cha nne hugundua kuchelewa kwamba mtihani wa ujana wake bado unamwandama. Cheti cha usajili wa TSC nacho hutafutwa mapema, si wiki ya mahojiano.

Halafu kuna maswali yenyewe. Kwa kawaida wanajopo hugusia maazimio ya kazi, andalio la somo, maadili ya mwalimu na mtaala wa umilisi, ambao mnamo Januari 2026 ulifika Gredi ya 10. Anayekariri maana ya umilisi bila kuweza kueleza jinsi atakavyofundisha mada moja ya somo lake kwa vifaa vinavyopatikana kijijini hutambulika haraka.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa utaratibu huu unapojitokeza. Shule nyingi za kibinafsi humtaka mwombaji aingie darasani, ashike chaki na afundishe huku akitazamwa. Mwajiri mkubwa zaidi wa walimu nchini humpokea mtu atakayekaa mbele ya watoto kwa miaka thelathini bila kumwona akifundisha hata dakika kumi. Kisingizio cha wingi wa waombaji kina uzito, lakini hakielezi kwa nini hata walioorodheshwa mwisho wasijaribiwe.

Kinachotia shaka zaidi ni yanayotendeka nje ya chumba. Mnamo 2025 ziliripotiwa habari za wanasiasa kugawa barua za ajira ya ualimu hadharani. Katiba, katika Kifungu cha 232, inataka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili. Mwombaji aliyepanga vyeti vyake kwa wiki mbili akaona barua zikigawiwa mkutanoni hahitaji mwanasheria kumfafanulia kifungu hicho.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa Mkenya haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Mwombaji anaweza kuitumia kuuliza alipewa alama ngapi na alipoteza wapi. Wanaothubutu ni wachache, maana walio katika jopo la leo huenda ndio watakaowapokea tena awamu ijayo.