Tuandike Majina Kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya kazi iliyoanzwa na chama cha kompyuta cha shule. Wakati wa likizo nilikutana sokoni na wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu, nao wakanieleza kwamba wanatengeneza, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, programu ya simu itakayosikiliza wimbo wa kwetu na kusema papo hapo ni wimbo gani na nani aliyeuimba. Ni nia njema, nami nawapongeza. Lakini nadhani wameanza na paa kabla ya nguzo.

Kila apitaye Busia, upande wa Kenya au wa Uganda, amewaona vijana wa vibandani ambao kwa pesa chache humjazia mtu kadi ya simu nyimbo mia. Tazama majina ya nyimbo hizo: "Wimbo 7", "Teso mpya", "Samia ya harusi". Mzee aliyepiga adeudeu hatajwi, wala kijiji chake, wala mwaka. Wimbo unavuka mpaka kila siku ndani ya mfuko wa suruali, lakini mwenyewe amebaki nyuma. Akifa, nyimbo zake zitaendelea kuchezwa matangani, na wajukuu wake watazisikia bila kujua kuwa ni sauti ya babu yao.

Sasa hiyo programu itasema nini? Wengi hudhani kwamba mashine husikia kama sikio la mtu. Sivyo. Huchukua sauti na kuifanya alama za hesabu, mfano wa alama ya kidole, kisha hutafuta alama inayolingana katika daftari lake. Shazam, iliyoanza kwa watu wote Uingereza mwaka 2002, hufanya hivyo. AcoustID, ambayo ni ya bure, nayo hufanya hivyo kwa namna yake. Lakini alama ya kidole bila jina haimsaidii hata polisi. Tena alama hiyo ni ya sauti iliyonaswa siku moja, si ya wimbo wenyewe. Wimbo ule ule ukiimbwa na watu wengine Amagoro, mashine iliyousikia Tororo haitautambua. Vijana wetu watasimama mbele ya waamuzi na chombo kizuri kisicho na chochote ndani.

Hata sahani nyingi za CD hazina majina ndani yake. Mashine huona tu idadi ya nyimbo na mahali kila mmoja unapoanzia, kwa kipimo cha sehemu 75 za sekunde. Majina yote uliyowahi kuyaona kwenye kioo cha kompyuta yaliandikwa na mtu fulani aliyekaa akayapiga chapa herufi kwa herufi.

Na hapo kuna habari ambayo yafaa kila mwanachama wa chama hicho aijue. Katika miaka ya 1990 Ti Kan na Steve Scherf walianzisha Marekani daftari la CD lililoitwa CDDB. Watu wengi wa nchi mbalimbali waliandika humo majina ya nyimbo bila malipo, wakidhani wanasaidiana. Baadaye daftari likawa mali ya kampuni, ikaitwa Gracenote, na programu zisizo na leseni yake zikafungiwa mlango. Mwaka 2008 Sony iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 260 hivi. Walioandika hawakupata hata senti, na kazi ya mikono yao haikuwa yao tena.

Kwa sababu hiyo Robert Kaye alianzisha daftari jingine, MusicBrainz, nalo tangu mwaka 2004 limo mikononi mwa shirika lisilo la faida liitwalo MetaBrainz. Habari zake za msingi ni za watu wote: yeyote aweza kuzichukua nzima nzima na kuzitumia, wala hapana awezaye kuwafungia wengine. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotaka daftari la shule peke yake, likae katika kompyuta ya shule, ili sifa iwe yetu. Kompyuta ya shule nimeijua. Siku ikiungua radi, au mwalimu mwenye ufunguo akihamishwa, daftari limekwisha.

Watu wataniuliza: kuandika majina ni kazi ya karani, ufundi uko wapi? Ufundi upo, tena mgumu kuliko ule wa kusikiliza. Chukua jina Otieno. Ng'ambo, kwa Wajopadhola wa Tororo, ni Othieno. Yote mawili ni jina la aliyezaliwa usiku. Mpiga ngoma mmoja aweza kuandikwa hivi Kenya na vile Uganda, na mashine ikadhani ni watu wawili. Au watu wawili mbalimbali, mashine ikawaunganisha wakawa mtu mmoja, na haki ya huyu ikaenda kwa yule. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa maana ni vigumu kuligundua. Ongeza jina la ubatizo, jina la ukoo, jina la utani na jina la bendi. MusicBrainz ina nafasi ya kuandika majina ya pili ya mtu mmoja, tena nafasi ya maneno machache ya kumtofautisha na mwenzake. Lakini programu ya kukisia kwamba majina haya mawili huenda ni ya mtu mmoja, na kumwomba mwanadamu aamue, kwa tahajia za kwetu, ndiyo ningependa kuiona mezani siku ya maonyesho.

Kisha mahali. Busia ni miji miwili yenye jina moja. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997 tu, kwa hiyo kanda ya zamani iliyoandikwa "Tororo" yaweza kuwa imetoka ukingoni mwa Ziwa, Majanji. Kabla ya hapo tena ilikuwa Bukedi. Na mpaka wenyewe, kabla ya mwaka 1902 nchi hii yote hadi mbali mashariki ilihesabiwa Uganda. Jambo moja lilinifurahisha nilipochungulia orodha ya kimataifa ya lugha: Kiteso kimepewa alama moja tu, teo, kwa Wateso wa pande zote mbili. Waliotunga orodha hiyo hawakuuliza pasi.

Asiyeamini faida ya karani amtazame Hugh Tracey. Alipita Kenya na Uganda mwaka 1950 na tena 1952 akinasa nyimbo, na kila wimbo katika santuri zake aliuandikia kadi: jina la mwimbaji, kabila, mahali, chombo. Mtu aweza kuwa na neno juu ya Wazungu waliobeba nyimbo zetu wakazipeleka Afrika Kusini, nami ninalo. Lakini mwaka 2014 maktaba yake, ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, waliweza kuwatafuta waimbaji na jamaa zao nchini Kenya na kuwarudishia nakala. Waliwezaje? Kadi ziliandikwa. Kadi za simu za Busia hazitamrudisha mtu yeyote popote.

Kwa wale waliomaliza na wako vyuoni Kampala, Eldoret au Maseno, kuna mlango mwingine. Tangu mwaka 2005 Google hulipa wanafunzi kufanya kazi kwa miezi michache katika programu za bure, chini ya mwalimu wa shirika husika, na MetaBrainz imeshiriki miaka mingi. Siku hizi si lazima uwe mwanafunzi, ila uwe umetimiza miaka 18 na uwe mgeni katika kazi hizo. Mwombaji hupimwa kwa makosa madogo aliyokwisha kuyarekebisha kabla ya kuomba. Mtu aliyekulia Busia anayajua makosa ambayo kijana wa Berlin hawezi kuyaona, basi aanze nayo.

Neno moja ni la lazima. Si kila wimbo ni wa kuandikwa. Ziko nyimbo za mapacha na za tohara ambazo wenyewe hawataki zivuke ua. Kijana aende kwa mwenye wimbo, aketi, aamkie, aeleze ataandika nini na nani atakisoma. Mzee akikataa, asiandike, hata kama kanda iko mfukoni na maonyesho ni kesho.

Wakubali wanachama wa chama cha kompyuta kuliacha sikio la mashine kwa mwaka huu. Wachukue nyimbo 50 tu, 25 za kila upande, wazitafutie wenyewe. Nauli ya kwenda Tororo na kurudi nitawalipia wawili kila Jumamosi ya mwezi wa nane. Nao wazee wa shule wenye kanda majumbani wazilete kwa mwalimu wa muziki, kila moja na karatasi ya jina la aliyeimba, si la mwenye kanda.

Ni mimi mwanafunzi wenu wa zamani,
Tororo