Wimbi Lina Mwenyewe

Kuna methali moja naomba tuibishie leo, ingawa ni ya wazee wetu na tumeizoea: mwenye nguvu mpishe. Nchi kavu labda ina maana. Ukikutana na tembo njiani, huanzi kumhesabia haki zako, unampisha na maisha yanaendelea. Lakini juu ya maji methali hii ni ya kuzamisha watu, na mimi nasema tuiache ufukweni.

Nasema juu ya jambo ambalo kila mtu aliyekulia Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge au Kigoma analijua. Boti ya faiba yenye injini kubwa inapita mbio karibu na mtumbwi wa kasia. Haiugusi. Inapita, inaondoka, na dereva hageuki hata kuangalia. Halafu, baada ya kitambo kidogo, ndipo mawimbi yake yanafika: la kwanza, la pili, la tatu. Mtumbwi unanyanyuliwa ubavu, unaangushwa, maji yanaingia. Mama mwenye mtoto anashika ukingo. Mwenye kasia anaacha kasia, anaanza kuchota maji kwa kopo. Wakati huo mwenye boti yuko mbali, labda anaongea na simu. Muulize jioni, atakuapia kwamba leo hakugonga mtu. Na ni kweli, hakugonga. Ugomvi wangu na yeye unaanza hapo hapo.

Maana wimbi lile lina mwenyewe. Wimbi la upepo ni la Mungu, hakuna anayekwenda kumshtaki kusi. Lakini wimbi la boti limetengenezwa na mtu, kwa mkono wake juu ya injini, na kama angetaka lisingekuwepo au lingekuwa dogo. Mtu akitupa jiwe uwanjani kwa jirani, hawezi kusema "mimi nilikuwa nimeshaondoka jiwe lilipoanguka".

Wengine wanalidharau wimbi hili kwa sababu ni dogo ukilinganisha na yale ya kusi. Hebu tulitazame vizuri. Miezi ya kusi, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, mtu wa mtumbwi anaangalia mbingu, anaangalia maji, na akiona ziwa limechafuka anabaki nyumbani. Kusi unajulikana unatoka wapi. Wimbi la boti linakuja siku ya shwari, saa ambayo mtu amepakia mpaka karibu na ukingo kwa sababu ziwa lilikuwa limelala kama mafuta kwenye sahani. Mtumbwi uliojaa mzigo unaweza kubakiwa na shubiri moja tu kati ya ukingo na maji. Wimbi halihitaji kuwa refu kama nyumba, linahitaji kuzidi ile shubiri.

Tena nguvu ya wimbi haipandi pole pole. Likirefuka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Na likifika kwenye maji ya kina kifupi linasimama, linarefuka, linavunjika. Maji ya kina kifupi yako wapi? Ni pale pale ufukweni ambapo mama zetu wanafua, watoto wanaoga, na mitumbwi imeegeshwa.

Kuna madereva wanaojiona wastaarabu kwa sababu wakifika karibu na mtumbwi wanapunguza injini kidogo. Ndugu zangu, hapo mnazidisha shida. Boti nyepesi ikienda kasi inakuwa kama inateleza juu ya maji. Ukiipunguza nusu, mkia unazama, pua inanyanyuka, na katika mwendo huo wa katikati ndipo boti inachimba mawimbi makubwa kuliko yote. Heshima ya kweli ni kupunguza mapema, kabisa, mpaka boti ikae sawa majini, upite pole pole. Ama sivyo zunguka mbali. Ziwa Tanganyika lina upana wa kilomita kama 50. Nafasi ipo.

Sasa majibu yao, maana nimeyasikia yote.

La kwanza: "Ziwa haina mwenyewe." Sawa, ziwa halina mwenyewe, na ndiyo sababu hakuna mwenye ruhusa ya kulifanya lisipitike kwa wengine. Hata bahari kuu, ambayo kwa kweli haina mwenyewe, mataifa yalikaa yakaandika kanuni za kuzuia vyombo kugongana. Kanuni zinazotumika leo ni za mwaka 1972. Ukizisoma utakuta zimeigeuza ile methali yetu kichwa chini. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayetakiwa kukaa mbali naye, mpaka awe amempita kabisa. Chombo cha injini kinapisha chombo cha tanga. Chombo cha injini kinapisha chombo ambacho kimeshusha nyavu zake na hakiwezi kugeuka upesi. Kila chombo kitembee kwa mwendo wa usalama, kulingana na hali ya mahali na vyombo vilivyopo. Kanuni hizo si upofu wa kuwapendelea wadogo, maana zinasema pia kwamba kwenye mkondo mwembamba chombo kidogo kisiizibie njia meli ambayo haina pa kupita pengine. Lakini maana yake ya jumla iko wazi: anayeweza zaidi ndiye anayedaiwa zaidi. Ziwani kwetu kila nchi kati ya zile nne ina serikali yake na maofisa wake, ila hiyo busara haihitaji pasipoti.

Fikiri wavuvi wa lampara usiku. Vyombo vimeshikanishwa, taa zinawaka, zamani karabai na siku hizi wengi taa za betri, wavu uko chini, na wanaume wamesimama juu ya miti wanavuta. Hawawezi kukimbia. Wakikimbia, wanaacha wavu na ndagala wa wiki. Taa zao zinaonekana kutoka mbali sana. Anayewapitia karibu kwa kasi amewaona, na ameamua.

La pili: "Mutu wa mutumbwi aangalie mwenyewe. Kwa nini alipakia sana? Kwa nini hana laifu jaketi?" Hili lina ukweli ndani yake na sitalikimbia. Anayesafiri usiku bila taa anajitafutia ajali. Anayepakia watu na mihogo mpaka mtumbwi uguse maji ana kesi ya kujibu. Na mwenye kasia akiona wimbi linakuja anatakiwa aelekeze pua upande wake, asilipokee kwa ubavu, na abiria wakae chini, wasisimame. Hayo tuwafundishe vijana wetu. Lakini angalia hoja inavyofanya kazi: kwa sababu wewe ni maskini na chombo chako ni kibaya, basi mimi mwenye chombo kizuri sina deni. Kwa akili hiyo daktari angemlaumu mgonjwa kwa kuwa dhaifu. Udhaifu wa mtumbwi ndiyo sababu ya kupunguza. Na tukumbuke ni nani wanaopakiwa kupita kiasi. Wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tulivuka hivyo, usiku, na hatukuwa na nafasi ya kuchagua chombo.

La tatu ndilo zito zaidi, na linasemwa na watu wenye nia njema: "Sisi tuna dharura. Tunabeba mgonjwa, tunabeba dawa." Basi tufanye hesabu. Boti inakwenda kilomita 40 kwa saa. Inakutana na mtumbwi, inapunguza mpaka kilomita 8 kwa saa kwa umbali wa mita 200, halafu inaendelea. Mita hizo 200 zingechukua sekunde 18, sasa zimechukua 90. Umepoteza sekunde 72. Hata dakika moja na nusu haifiki. Kama mgonjwa wako hawezi kungoja sekunde 72, zunguka mbali, utapoteza hata kidogo kuliko hapo. Lakini usiniambie kwamba kuokoa mtu mmoja kunakupa ruhusa ya kuwamwagia maji watu sita.

Na wala tusidhani ni kilio cha masikini peke yao. Kule Italia, mji wa Venezia umejengwa juu ya maji, na wenyeji wanalo jina la mawimbi ya boti za injini: moto ondoso. Yanakula misingi ya nyumba na kuwasumbua wapiga makasia. Mwaka 1975 walianzisha safari ya pamoja ya vyombo vya makasia, Vogalonga, kupinga mawimbi hayo, na imeendelea mwaka hadi mwaka. Watu wa mji tajiri walipanda makasia yao kusema kile kile anachosema mvuvi wa Baraka.

Wala mfano mzuri hauko Ulaya tu. Tunao nyumbani. MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Ni chuma kirefu cha zaidi ya mita 70. Kwa miaka mingi vijiji vingi ilivyohudumia havikuwa na gati, kwa hiyo ilikuwa inasimama majini, na mitumbwi na boti ndogo zinaifuata ubavuni na watu na mizigo. Mwezi wa Mei 2015, ndugu zetu wa Burundi walipojaa Kagunga kwa maelfu, ni Liemba hiyo hiyo iliyosimama mbali kidogo na ufukwe huku boti ndogo zikiwapeleka watu kwake, kisha ikawaleta Kigoma. Mkubwa alisimamisha mwendo wake ili wadogo wamfikie. Mwenye faiba ya juzi anashindwa nini?

Mtaniuliza: hapa Nyarugusu ziwa liko wapi? Liko mbali, lakini wimbi lake tunalo, rangi yake nyekundu. Miezi hii ya kiangazi gari jeupe likipita mbio barabara ya kambi, halimgongi mtu. Linapita tu. Halafu vumbi linafika: juu ya mama mwenye ndoo ya maji aliyopanga foleni tangu asubuhi, juu ya mihogo iliyoanikwa, ndani ya macho ya mzee mwenye pumu. Masika ni matope. Dereva naye jioni ataapa hakugonga mtu. Ni hoja ile ile, na majibu ni yale yale: barabara ni ya wote, kwa nini wanatembea katikati, tuko na mkutano. Wapo madereva wanaopunguza, tena wanawajua watoto kwa majina na kuwapungia mkono. Kwa hiyo inawezekana.

Sitaki kumaliza kwa kulalamika tu, kwa hiyo nasema ninachodai.

Ninyi wenye mashirika na serikali mnaomiliki boti na magari: andikeni mwendo katika maelekezo ya kazi, muuandike kwa namba, na mfuatilie. Dereva anayeharakishwa na bosi wake kwenye simu hawezi kuwa na adabu peke yake. Kwenye fukwe za kushushia watu, wekeni maboya ya kuonyesha ni wapi injini inapunguzwa.

Ninyi madereva: geukeni muangalie nyuma. Hilo tu kwanza. Yule ambaye hajawahi kuona wimbi lake likifika ataendelea kuamini kwamba hana wimbi.

Na sisi wa kasia na wa miguu: taa usiku, mzigo wa kiasi, watoto wasicheze barabarani. Ila tukishatimiza hayo, tusiendelee kuomba msamaha kwa kuwa tunakwenda pole pole. Mtu mzima anayepiga kasia naye ana safari, ana watu wanaomngoja, na samaki wake wanaoza kama wa mwingine yeyote. Boti ikimpita vibaya, ashike jina au namba yake, aipeleke kwa kamati ya ufukwe, aulize kwa sauti mbele ya watu: wimbi hili ni la nani?