Mnaotaka alama ya shaka, anzeni na Duffy

Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani iliziingiza takwimu za Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 katika kumbukumbu zake rasmi, na hadi leo wapo mashabiki ambao jambo hilo limewakaa kooni. Bingwa wa wastani wa upigaji kwa msimu mmoja sasa ni Josh Gibson wa Homestead Grays, 0.466 mwaka 1943. Kwa kila nafasi 100 za kupiga, pigo lake lilizaa matunda karibu mara 47. Aliyeng'olewa ni Hugh Duffy, 0.440 mwaka 1894. Wanalalamika: msimu wa Gibson ulikuwa mfupi, ligi yenyewe hafifu, basi iwekwe alama ya shaka.

Haya, tuiweke. Ila tuanze na Duffy. Mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, na warushaji wakayumba. Msimu uliofuata Philadelphia peke yake ilikuwa na wapigaji wanne waliovuka 0.400! Zaidi ya miaka 100 hakuna aliyemtilia Duffy shaka.

Kisha twende kwa Ty Cobb. Siku ya mwisho ya msimu wa 1910, kocha wa St. Louis, ambaye hakutaka Cobb ashinde ubingwa wa upigaji, alimwamuru mlinzi wa kituo cha tatu arudi nyuma, ili Nap Lajoie, mpinzani wa Cobb, adokoe mipira atakavyo. Lajoie akaandikiwa mapigo manane mchana huo. Ubingwa akapewa Cobb hata hivyo, na miaka mingi baadaye ikagundulika kwamba mechi yake moja ilihesabiwa mara mbili. Mwaka 1981 kamishna Bowie Kuhn alikataa kurekebisha. Hizo ndizo kumbukumbu tunazoambiwa Gibson anazichafua.

Kuhusu ufupi, mwaka 2020 korona iliacha mechi 60 tu, na DJ LeMahieu na Juan Soto walitawazwa mabingwa wa upigaji bila ubishi. Misimu ya Weusi ilikuwa mifupi kwa sababu walifungiwa mlango wa Ligi Kuu. Timu zao ziliishi kwa kuzunguka mijini zikicheza na yeyote mwenye watazamaji wa kulipa, na mechi hizo hazihesabiwi. Leo adhabu ile ile inageuzwa ushahidi dhidi yao.

Sikatai kwamba takwimu zao zina mapengo, wala kwamba vita vilikuwa vimechukua wachezaji wengi mwaka 1943. Lakini vilichukua pande zote: Ted Williams, aliyepiga 0.406 mwaka 1941, naye alikuwa jeshini.

Na ule unyonge wa ligi? Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia Ligi Kuu. Katika msimu wake wa tatu tu huko, Robinson aliongoza wapigaji wote wa National League kwa 0.342. Alikuwa ametokea Kansas City Monarchs, timu ya ligi hizo hizo mnazoziita hafifu.